Maji ya Zuura Yamefungwa kwa Jina Asiloweza Kulitaja

Saa mbili asubuhi, Burulkan anawasha kompyuta. Ofisi ya ushirika wa bustani ni kontena la kijani kando ya mfereji, nje kidogo ya Bishkek. Skrini haijawaka vizuri, mlango unagongwa kwa ndoo.

“Dada Burulkan, nifungulie maji! Nyanya zangu zimelala chini kama walevi!”

Ni Zuura. Kwenye skrini, shamba lake lina alama nyekundu: halijathibitishwa. Lisipothibitishwa, Jumatatu litapewa mtu mwingine.

Sasa, kitendawili. Tega! Amelala kaburini lakini ni mwanachama. Anashika jembe kila siku lakini si mwanachama. Mmeshindwa? Baba mkwe na mke wa mwanawe.

Mashamba haya waligawiwa wazee. Wengi wameshazikwa, na wana wao wanafanya vibarua Urusi. Wanaolima ni wake za wana. Na huku kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa.

Burulkan, mwenye miaka hamsini na minane, ndiye aliyeingiza wanachama wote kwenye programu ya kupanga zamu na kufungua maji majira ya baridi yaliyopita, na anaipenda.

“Zamani zamu ya maji ilikuwa ya mwenye kelele nyingi,” anasema. “Siku hizi kila mtu anaiona zamu yake.”

Jina la baba mkwe wake mwenyewe aliliandika kwa kidole kimoja, mdomo kaufunga. “Nilipomaliza nikamimina chai, kama vile nimetoka kumtembelea.”

Kisha mwenyekiti, Tilek, akaongeza sharti lake: kila familia itamke jina la mwanachama kwa sauti, ili wezi wa mashamba wasipenye. Asiyetamka, maji yanafungwa. Zaidi ya mashamba arobaini yamefungwa, na wezi hawajaonekana.

“Tilek aliniuliza kwenye simu, mwanachama nani?” anasimulia Zuura. “Nikamwambia, yule mzee aliyepanda aprikoti mlangoni. Eti, jibu si sahihi! Mtihani wa darasa la nne huo?”

Tilek hakuzaliwa mwezini. Amelelewa na wanawake hawa hawa. Burulkan alimwomba akubali waandike badala ya kusema.

“Programu inataka sauti, mama,” akajibiwa.

“Programu haitaki kitu, mwanangu. Wewe ndiye uliyeiambia itake.”

Leo Tilek yupo, anakunywa chai pembeni ya dirisha. Anaingia mama mmoja mwenye kitambaa cheupe, udongo magotini. Zuura anamsogezea kiti. Ni Sayragul, mama yake Tilek.

“Rasiberi zangu zinakauka,” anasema. “Nani kanifungia?”

Tilek anaweka kikombe chini. “Ni utaratibu tu, mama. Taja jina la mwanachama.”

“Unamjua. Alikubeba mabegani.”

“Namjua, lakini useme wewe.”

“Nimempikia miaka thelathini sijamtaja. Leo nimtaje kwa ajili ya mashine yako?”

Nje, wanawake wengine wanaosubiri maji wanacheka. Masikio ya Tilek yanageuka rangi ya nyanya.

“Basi, mfungulie huyu,” anamwambia Burulkan kwa sauti ya chini.

“Na Zuura?” anauliza Sayragul.

“Zuura atasubiri.”

Mama mtu anainuka kitini, anachukua ndoo ya Zuura, anaigeuza na kuikalia katikati ya mlango. “Nami nasubiri. Sitaki maji ya mama wa mwenyekiti. Kamwambie na babako kuwa leo sipiki.”

Tilek anatazama mlango, hana pa kupita.

“Wafungulie wote,” anasema hatimaye. “Mpaka mkutano wa Jumapili.”

Burulkan anabonyeza, alama nyekundu zinatoweka moja baada ya nyingine, na huko mferejini mtu anapiga kelele kwamba maji yanakuja.

Lakini hasira haijamtoka Burulkan. Maji ya kuombewa na mama wa mkubwa si haki, anasema, ni hisani, na hisani hufungwa tena. Ndiyo maana ameongeza kisanduku kipya kwenye programu: Anayelima. Jumapili atasimama mkutanoni kudai mwanachama awe mwenye jembe.

“Hebu tukijaribu,” anamwambia Zuura, vidole tayari. “Shamba la aprikoti mlangoni. Anayelima nani?”

Zuura anasita, kwa mazoea. Kisha anajipangusa mikono kwenye sketi na kusema kwa sauti inayofika mferejini:

“Zuura!”