Mke Mdogo wa Nangara

Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Babati, na kabla sijapokea begi langu kijana mmoja akanisogezea beseni usoni. "Nyanya fungu buku, dada, nyanya!" Nikacheka peke yangu, naye akadhani naicheka bei. Angejua neno hilo liliniaibisha vipi katika mji huu huu nikiwa na miaka minane, angeniongezea moja la bure.

Sisi ni watu wa Nakuru, ng'ambo ya mpaka. Wazazi wa baba na wa mama walifariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo mambo ya kulelewa na wazee niliyasikia kwa wenzangu tu. Likizo ile mama akanivusha Namanga twende kuwaona ndugu zake. Undugu wenyewe alinieleza kwenye basi mara tatu: babu wa Babati ni mtoto wa mama mkubwa wa mama yake. Mara zote tatu nilipotelea kwa huyo mama mkubwa. "We jua ni babu yako," mama akasema, akalala.

Tulifika Nangara, mtaa wa babu hapo Babati, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Mwanamke mrefu akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye kitenge. "Msalimie bibi yako," mama akaniambia.

Sasa ndugu yangu, kwetu bibi ni mke wa mtu. Mimi mtoto wa kike napewaje bibi? Nikanyoosha mkono, nikatumia neno tunalomwitia kwetu mama wa mzazi: "Habari yako, nyanya?" Waliokuwapo wote wakaangua kicheko, maana kwao nyanya ni ile ya kwenye mchuzi. Na shikamoo sikuitoa.

Bibi akanikumbatia, ananukia moshi na maziwa ya mgando, kisha akamgeukia mumewe aliyekaa kwenye kiti cha kamba. "Baba Paulo, mke wako mdogo amefika. Karibu mke mwenzangu, unisaidie kazi, mimi nimechoka." Babu akanipokea mfuko wangu taratibu. "Nimemngoja siku nyingi," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Kesho yake asubuhi mama akaondoka kwenda msibani Singida, siku nne tu, alisema. Mfuko wangu akauacha. Nikajumlisha mambo kwa akili yangu ya darasa la pili: nimeolewa.

Ulikuwa msimu wa mbaazi. Ua wote ulijaa maganda makavu, watu wakipura kwa fimbo, na bibi akipeta, shwaa, shwaa. Akanipa ungo mdogo akanifundisha kuzirusha na kuzidaka. "Mke asiyejua kupeta atalisha watu mawe," aliniambia. Nilipeta huku machozi yananitoka, nao wakadhani ni vumbi. Kula sikula. Nilijiapiza kwamba nikionja tu makande yao nitakuwa nimeikubali ndoa, basi nikaishi kwa ndizi mbivu nilizoiba jikoni.

Siku ya pili mchana babu akaniona nimeisukuma sahani. "Mke wangu, chumvi imezidi?"

"Mimi sitaki kuolewa," nikasema. "Nataka mama. Nataka kurudi shule."

Bibi akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Babu hakucheka. Alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Basi nimekuruhusu. Mama yako akirudi, nenda ukasome. Lakini mke ni mke. Ukikua, uje utusalimie."

"Nitakuja," nikasema. Nikala sahani mbili.

Ni kwenye basi la kurudi ndipo mama alinieleza kwamba ule ni utani wa wazee na wajukuu. Nilimkasirikia hadi Arusha. Baada ya Arusha nikaanza kuwakumbuka.

Sikwenda tena. Shule, kazi, watoto, na mwaka mmoja unamvuta mwenzake. Mwezi uliopita mama akapiga simu: babu ametutoka. Nikaomba ruhusa kazini. Bosi akauliza marehemu ni nani wangu. Nikaanza, ni mtoto wa mama mkubwa wa nyanya yangu, naye akapotelea palepale nilipopotelea mimi. "Huyo si ndugu wa karibu," akasema. Ruhusa akaninyima, nikarudi kazini, na hadi leo naona aibu kwamba sikubishana.

Nikafika wiki tatu baada ya mazishi. Nangara imejaa nyumba za bati jipya, na pale palipopurwa mbaazi pana fremu za maduka. Bibi alikuwa barazani, macho yamefifia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikataka kumweleza ukoo, nikaona nitapotelea palepale kwa mama mkubwa. "Mke mwenzako," nikasema.

Akanipapasa hadi akaupata mkono wangu. "Umechelewa, mke mwenzangu. Mume wetu tumeshamzika. Alikuwa akikuulizia."

Nililia pale barazani. Mume wangu wa Nakuru huniita Mama Kelvin. Aliyekuwa akiniita mke wangu nikiwa na meno ya utotoni hayupo tena, na sikumpa hata shikamoo ya kuaga. Jioni bibi akaagiza nipakuliwe makande. Sikujua nimekuja kama mgeni, mjukuu au mjane. Kile kiti cha kamba kilikuwa mbele yangu, kitupu. Nikakiangalia, nikala hadi sahani ikaisha. Nimekubali, babu.