Kizibo cha Mbolea, Kiganja cha Udongo

Kila nikipita duka la pembejeo kule Makambako na kukuta mfuko wa mbolea umefunguliwa, ile harufu inayochoma pua inanirudisha utotoni, shambani kwetu, upande wa Uwemba, ukungu haujainuka.

Mama alichimba mashimo, mimi nikamfuata na kopo. Kila shimo lilipata kizibo kimoja cha soda cha mbolea, kisha kiganja cha udongo, ndipo mbegu mbili za mahindi. Nilipenda punje za mbolea zilivyogonga bati la kizibo. Udongo ndio sikuupenda. Ulikuwa wa baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Mama alipogeuka, mstari mzima nikaweka mbegu juu ya mbolea, nikafukia kwa mguu, nikakimbilia moto.

Mistari yote ikaota, isipokuwa wangu. Mama akafukua shimo moja, akaniwekea mkononi mbegu nyeusi iliyoungua.

"Hukuweka udongo."

"Nilisikia baridi, mama."

Nilisubiri kiboko. Akanifuta kamasi kwa pindo la kitenge chake.

"Uji wako asubuhi nani anaupoza?"

"Wewe."

"Basi na mbegu nayo inapozewa mbolea. Lete kopo turudie."

Tukarudia mstari ule, yeye akiweka udongo, mimi mbegu.

Shamba lile sasa nalilima mimi, na udongo siusahau hata shimo moja. Asubuhi, kabla sijatoka, nakaa mlangoni na kikombe cha uji, naupuliza mwenyewe.