Shikamoo Niliyoipokea Maretadu

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na funguo mkononi. Sikusimuliwa na mtu.

Hapa Maretadu tuna darasa la zamani la mawe, walilosomea wazazi wetu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule, na ni mimi niliyepiga kelele mpaka ikakubaliwa libomolewe. Jumamosi hiyo nilitangulia kuwafungulia mafundi. Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni hata mlingoti wa bendera.

Nafungua kufuli, ndani namkuta binti amekaa dawati la mbele, mtoto mgongoni, chaki mkononi. Nikajua amepitia dirishani, maana madirisha yamebaki matundu tu. Akainuka haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu kwa ukali, macho yangu yakiwa kwenye nyufa za ukuta. "Unafanya nini humu?"

"Namsubiri mwalimu wa kisomo. Nataka nijue kuandika jina la mtoto kabla hajaanza kuongea."

Kisomo! Madarasa hayo ya watu wazima yalikwisha zamani, nani hajui? Lakini alivyosema kwa upole, ukali ukaniisha. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akataja jina langu. Si la ubatizo, jamani, ni lile la nyumbani, analoniita shangazi peke yake.

"Hee, kumbe wajina wangu!" Nikacheka, nikamfinya mtoto shavu, nikatoka kuwaita mafundi.

Nilipofika kwenye mlingoti nikasimama, nikalirudia lile jina. Mama yangu alifariki kabla sijajua kusema. Picha yake hatuna. Shangazi aliyenilea alikuwa akinieleza kwamba mama alienda kisomo na mimi mgongoni, na kwamba jina lile alilibuni mwenyewe, huku kwetu hakuna mwingine mwenye jina hilo.

Nikarudi mbio nikilia, "Shikamoo mama! Shikamoo!" Dawati lilikuwa tupu, vumbi juu yake halijaguswa.

Unaelewa kilichoniuma? Wenzangu wote wamewapa mama zao shikamoo tangu utotoni mpaka wakazoea. Mimi sikuwahi kutoa hata moja. Siku nilipompata, nikaipokea ya kwake, tena nimeshika kiuno!

Mafundi niliwarudisha. Paa tulibadilisha, ukuta haukuguswa, na wanaosema mwenyekiti amerukwa na akili waendelee kusema. Kila nikipita pale nasema shikamoo mlangoni, nasubiri kidogo. Sijajibiwa mpaka leo.

Nawe unayeingia kwenye majengo ya zamani, usikimbilie kuitikia marahaba kwa sababu tu una mvi. Mtazame kwanza usoni anayekusalimu. Mimi nilitazama nyufa, nikatazama na mtoto. Ukiniuliza leo mama yangu alikuwa na sura gani, siwezi kukwambia.