Kiroba kilichopita kizuizini

Jamani, leo yamenikuta!

Asubuhi pale Sindeni mama nisiyemjua kanipa kiroba kilichoshonwa mdomo. "Mwanangu, nifikishie Korogwe, mdogo wangu atakipokea stendi."

Nani anamkatalia mama? Nikapanda nacho basi.

Kwenye kizuizi cha polisi kitambulisho changu kimesomwa mbele na nyuma. Kiroba nimekipakata, hakuna aliyekigusa.

Stendi hakuja mtu. Namba ya simu aliyonipa yule mama haipatikani.

Nikaja nacho nyumbani, Manundu. Bibi yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi enzi za Ujamaa, mgeni hakulala kijijini bila kuhojiwa naye. Kaniuliza ambacho askari hawakuniuliza: "Cha nani? Mna nini ndani?"

Sijui, Bibi.

Sasa tuko nje wote, kiroba kiko sebuleni.

Na kama mimi nimepita, nani mwingine kapita leo?