Hema Uani kwa Mama

Juzi nilipita Manyoni na gari langu, la jasho langu, mimi niliyeishia darasa la nne, nikaona vijana wakifunga mahema kwenda kupiga kambi Itigi. Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa mdogo walipotufikia wageni wawili, mtu na mkewe. Walitaka baba, mrina asali, awapeleke vichakani Itigi wakalale huko wakitazama ndege. Mchana kutwa walikaa uani kwetu Issuna wakipanga maji, unga na njia za kupita. Hema lao lilinuka mpira, na zipu yake ililia kama nyigu. Nilijua kabisa kwamba wamefukuzwa kwao. Mwenye nyumba gani hulala ndani ya kitambaa?

Jua lilipoanza kushuka, yule mgeni akalisimamisha hema palepale uani, walale humo hadi safari ya asubuhi. Mama akaweka mwiko chini.

"Baba Saidi, mgeni alale nje na mimi nina nyumba? Issuna nzima itanicheka."

"Ndivyo wanavyopenda, mama Saidi."

"Basi kalale wewe."

Wageni wakaingizwa ndani, kitanda cha baba kikatandikwa kanga mpya, maana maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya uhaba. Baba akachukua blanketi, akainama, akaingia hemani. Nikaona sasa zamu yetu imefika. Nikakunja mkeka wangu, nikamfuata nikilia.

"Baba, na mimi nimefukuzwa."

Akanitazama, akafungua zipu zaidi.

"Ingia. Ila usimwambie mama yako kwamba huku ni kuzuri."