Povu la Mshenga

Leo nacheka, lakini siku ile, wallahi, ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Newala yamejaa vitu tusivyowahi kuviona, na mimi, mwalimu mstaafu, nimeteuliwa kuwa mshenga wa mpwa wangu Hamisi, aliyetaka kuoa binti wa kijiji cha Chilangala. Sasa meno yangu ya bandia ya chini yalikuwa yanaelea (nikitamka "shule" yanapiga makofi), basi asubuhi ile nikaingia dukani, nikaona tyubu yenye picha ya meno meupe na maandishi ya Kichina, nikajiambia hii ndiyo gundi yake. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo Mwalimu, nikusaidie?"

"Marahaba. Najua ninachotaka." (Aibu ya kuuliza, hiyo.)

Nikapaka nusu tyubu. Chilangala tukaketishwa mkekani mbele ya wazee wa binti, nikaanza vizuri tu kusifia ukoo wao, lakini kila nilivyosema mdomo ukazidi kupoa, mara povu jeupe likashuka kidevuni hadi kwenye kanzu, nami nikaongeza kasi ili nimalize, kumbe ndiyo nalikoroga.

"Kifafa!" mtu akapiga kelele. "Mlazeni ubavu!"

Nikakamatwa mikono na miguu, najitetea "Thi kifafa, ni meno!", nani anielewe, wakanimwagia ndoo nzima ya maji (na mnajua maji kwetu yalivyo adimu), nikapaliwa, nikakohoa, meno yakaruka na kutua mapajani mwa Bibi Zainabu, bibi yake binti. Hamisi akafunika uso.

Bibi akayaokota, akayageuza, akayanusa. "Hii si dawa ya mswaki?" Kisha akaniachamia kinywa chake kitupu. "Mwalimu, haya hukaaje kwenye taya lililokwisha kama langu?"

"Bibi, hata mimi sijui."

Watu wakaangua kicheko, posa ikapokelewa, na wiki iliyofuata mimi na Bibi tukaenda kwa daktari wa meno Masasi. Akatueleza kwamba meno yakishang'oka mfupa wa taya hupungua mwaka hadi mwaka, meno ya bandia yakakosa pa kushika. Nchi za nje, akasema, huingiza skrubu ndani ya mfupa na kufunga meno juu yake. Wengine huwatosha mbili tu za mbele. Na mfupa ukiwa haba mno, hukata kipande nyongani na kukipandikiza tayani kwanza.

Bibi akashika kiuno. "Nyonga ikihamia mdomoni, nitatembeaje?"

"Ni kipande kidogo, Bibi, na kidonda hupona."

Tuliuliza mpaka wagonjwa wa foleni wakanung'unika. Kwetu kilichowezekana ni kupimwa upya na kutengenezewa meno yanayofuata ufizi ulivyosalia, nasi tukayakubali. Ila nimeapa: yangu ni ya kulia nyama. Nikiitwa ushenga nayaacha nyumbani, nasema kwa ufizi, na herufi S nawaachia vijana.