Adhana Ndani ya Treni

Binti yangu alipomaliza skuli alitutangazia, mimi na baba yake, kwamba chuo kikuu kitamngoja. Kwanza atazunguka dunia mwaka mzima: ataanzia Zanzibar kumwona bibi yake, halafu Thailand na Vietnam, na rafiki yake mmoja wa skuli atakutana naye hukohuko Bangkok. Nilimtazama mume wangu anisaidie. Akachovya mkate kwenye mchuzi, akasema, "Mwache aende, bado mtoto." Sasa kama bado mtoto, tumwacheje aende? Akaomba mchuzi zaidi.

Begi alilonunua lilikuwa la mgongoni, la kijivu, dogo kiasi kwamba nilidhani ni la kubebea chakula cha njiani. Akaliweka sebuleni kwetu Tottenham, London, pembeni ya kochi, na hapo vita vikaanza. Nikirudi kazini, bado nimevaa sare yangu ya kutunzia wazee, napita dukani kumnunulia kitu. Dawa ya tumbo. Pedi za miezi. Soksi za pamba. Sketi ndefu mbili, maana sijui watu wa huko wanamtazamaje msichana. Kanga pea tatu, kwa sababu kanga ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni nguo ya kujisitiri ukigongewa mlango ghafla. Nikishamaliza kupanga naenda jikoni, na nikirudi nakuta vitu vyangu vyote viko juu ya kochi, vimekunjwa kwa adabu.

"Mama," ananiambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu ni mtihani, "nchi za watu nazo zina maduka."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alijua anachokifanya. Nguo zake alizikunja kwa kuzivingirisha kama chapati, zikaingia zote upande mmoja. Alikuwa na kabari ya mpira ya kusokomeza chini ya mlango akilala, ili asiingie mtu. Sabuni ya kipande badala ya ya maji. Nakala ya pasipoti moja kwenye begi na nyingine kwenye simu yangu. Nilitafuta pa kumkosoa nikapakosa, na mama akipakosa pa kumkosoa mwanawe hupandwa na hasira zaidi. Mwishowe alikubali kanga pea moja na dawa. Nikashukuru Mungu, yamekwisha.

Yalikuwa hayajaanza. Asubuhi ya safari mlango ukagongwa: wifi yangu, dada wa mume wangu, ametoka Thornton Heath, upande wa pili wa London, kwa mabasi na treni, na mfuko mkubwa wa plastiki kila mkono.

"Vitu vidogo tu vya mama," akasema huku anahema.

Vitu vidogo hivyo ni shuka za kitanda kikubwa, viatu vya daktari vya kupunguza maumivu ya magoti, makopo ya maziwa ya unga, na saa ya ukutani yenye umbo la msikiti, inayoadhini swala zote tano.

"Wifi, Zanzibar kila mtaa una msikiti," nikamwambia. "Adhana bibi ataikosa wapi?"

"Anasikia kwa shida sasa. Hii nimeipandisha sauti mpaka mwisho."

Nilimgeukia mume wangu kwa mara nyingine. Safari hii alikuwa ameshaingia chooni. Binti yangu naye, ambaye mimi mama yake ananirudishia hata soksi, alimwamkia shangazi yake, akachukua kila kitu, akashukuru. Begi likajaa mpaka zipu ikagoma. Nikalikalia. Vilivyobaki tukavitia kwenye mkoba wangu, na mimi nikaamua kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege, maana baba yake alikuwa na zamu.

Treni ilikuwa imejaa. Tulibadilisha treni kituo cha Finsbury Park, tukapata viti, begi tukaliweka katikati ya miguu yetu. Nilikuwa ninamkumbusha kwa mara nyingine asinywe maji ya bomba, ndipo begi likaadhini.

Wifi alikuwa amesema kweli, sauti ilikuwa mpaka mwisho. Na ilikuwa adhana ya magharibi, kwa sababu saa aliitega kabisa kwa majira ya Zanzibar, wakati London jua lilikuwa linawaka. Watu wa London wana namna yao ya kutoona. Mmoja aliinamia simu yake kama anataka kuingia ndani. Mwanamume mmoja alisimama, akaelekea mwisho wa behewa, akasimama huko anatutazama. Jasho likanitoka. Binti yangu alipiga magoti sakafuni, akafungua zipu, na kila kitu kikaanza kutoka: shuka, viatu, makopo, nguo zake za ndani, dawa. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekaa mkabala nasi alinyoosha mikono bila kuulizwa, akashikilia shuka. Saa ilikuwa chini kabisa. Binti yangu alipoifikia, adhana ilikuwa inamalizika, nasi tukaiacha imalize. Halafu akatoa betri.

"Saa nzuri," yule mama akasema. Nikashindwa kujua nicheke au nilie.

Nilianza kurudisha vitu haraka haraka. Binti yangu akanishika mkono.

"Basi, mama," akasema, na kwa Kiswahili, "inatosha. Nitabeba viatu vya bibi. Vingine rudi navyo."

"Na shangazi yako nitamwambia nini?"

"Mwambie nimekataa mimi."

Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu chafu ya treni, nywele zimetoka kwenye mtandio, na hakutetemeka hata kidogo. Nikaona kwamba wa kuogopewa njiani si yeye. Sikumwambia. Nilimwambia afunge mtandio.

Alienda, akafika salama. Bibi alivaa viatu siku hiyohiyo. Wifi hakuongea nami wiki kadhaa, kisha akaja akachukua vitu vyake bila kukaa.

Sasa binti wa jirani yetu naye anataka kwenda mwaka mzima, na mama yake alinijia kutaka ushauri. Nilimwambia kwa moyo mkunjufu: mwache afunge begi mwenyewe, apande nalo ngazi mpaka juu na kushuka, na asichoweza kukibeba bila kuhema kibaki. Dawa, nakala za pasipoti, kanga moja, kabari ya mlango. Mizigo ya watu, hapana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuelewa kabisa," akasema. "Lakini chupa ya chai, ile kubwa, si itaingia?"